Uzi: Waini na chakula cha nyumbani huku Kusini, nani anashushia nini na mboga gani?

Kusi_Mtwara (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za waini zipo nyingi, lakini karibu zote ni nyama choma, pasta na jibini. Sisi wa Shangani na Mikindani jibini tunaiona kwenye picha. Kwetu jioni ni changu, pweza, kisamvu, mbaazi, wali wa nazi. Nafungua uzi huu kwa ajili ya chakula hicho, kile unachopika umejifunga kanga au umevaa kaptula, nje ya sherehe.

Nitangulize hili: majirani zangu wengi hawatumii na dini yao imekataza, nawaheshimu. Uzi ni wa wanaotumia. Mjadala wa halali na haramu una nyuzi zake.

Haya. Ile kanuni ya nyeupe kwa samaki na nyekundu kwa nyama mimi huku inanipa shida, maana mtu wa pwani anakula mchuzi, samaki yumo tu ndani yake. Changu yule yule ukimchoma kwa ndimu na chumvi anataka waini moja, ukimpaka tui anataka nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni nyama gani, uliza kuna tui? Kuna ukwaju? Pilipili ni ya kuonja au ya kutoa jasho?

Chukua samaki wa kupaka. Changu ameshachomwa mkaani, ngozi imeshika rangi. Unampaka tui zito lililochemshwa na kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili mbuzi, unamrudisha juu ya moto, unampaka tena, mpaka tui linaanza kuachia mafuta pembeni na kuungua kidogo kwenye mapezi. Tonge la kwanza tamu balaa. Ukifika la nne mafuta ya nazi yametanda ulimini na ladha zimeanza kufifia. Waini yenye uchachu inayakata yale mafuta, tonge linalofuata linakuja upya. Na ikiwa na sukari kidogo, pilipili inatulia. Ndiyo maana mimi hapo naweka Chenin Blanc ya nusu tamu, imepoa haswa. Zabibu hiyo asili yake ni bonde la mto Loire kule Ufaransa, ila Afrika Kusini ndiyo yenye mashamba yake mengi kuliko nchi yoyote, ndiyo sababu hata huku kwetu mwisho wa reli isiyokuwepo inafika.

Changu wa ndimu, chumvi na kachumbari: Sauvignon Blanc kavu, yaani isiyo na utamu wa sukari. Ndimu ni kali, waini isiyoufikia uchachu wa chakula itakuwa maji mdomoni.

Halafu suala la joto. Wanasema nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Mtwara mwezi Desemba inagonga 30. Waini nyekundu ya nyuzi 30 inakupiga pombe puani kabla hujaonja tunda. Huku hata nyekundu inaingia friji, nusu saa inatosha.

Karibuni, tupeane uzoefu.

korosho_ghafi

Nimepiga kambi hapa. Mkuu, picha ya huyo changu iko wapi?

FeriBoy

Chai. Samaki wa kupaka na waini? Bia ya baridi basi, tunamaliza.

Kusi_Mtwara

@FeriBoy mtani, sibishani na bia. Dagaa wakavu waliokaangwa na chumvi na pilipili, hapo mimi mwenyewe naweka bia. Chumvi nyingi na ule uchungu wa kichwa cha dagaa vinataka mapovu. Kwa waini ungehitaji ile ya mapovu, kavu, na nani anafungua chupa ya mapovu kwa ajili ya dagaa siku ya Jumanne?

@korosho_ghafi ameshaliwa.

BintiMitema

Habari zenu kaka zangu. Mimi nipo Lindi mjini. Nisaidieni kwa pweza wa nazi. Namchemsha mpaka alainike, namkatakata, namalizia na tui na nyanya kidogo. Tatizo ni shemeji yenu, nyeupe hagusi, anasema ni ya wanawake. Anataka nyekundu. Lakini nyekundu na pweza nikijaribu inabaki ladha ya shaba mdomoni, kama nimelamba sarafu. Ni mimi tu?

Zabibu_Mpunguzi

@BintiMitema si wewe tu dada, na hiyo ladha ina maelezo. Kuna watafiti Japani, kazi yao ilitoka 2009, walilowesha kombe wakavu kwenye mvinyo mbalimbali wakanusa na kuonja. Waliyempata mchawi ni madini ya chuma. Mvinyo wenye chuma kingi ukikutana na mafuta ya viumbe wa baharini unaamsha ile harufu ya shombo, na kiasi cha chuma kinatofautiana chupa hadi chupa kutegemea udongo, vyombo na mambo mengine. Nyekundu nyingi zinacho zaidi, ila si zote. Ndiyo maana mmoja anakula samaki na nyekundu salama, mwingine anatema.

Juu ya hapo kuna tanini, ule ukakasi. Ukakasi unashikana na protini za mate, mdomo unakauka. Nyama nono inautuliza. Pweza hana hayo mafuta, ukakasi unabaki unazurura.

Mimi ni mtu wa Dodoma, nimehamia Mtwara kikazi, kwa hiyo msinione najua sana. Nimekulia mashambani.

Kusi_Mtwara

Hiyo ya chuma nimeipenda, karibu sana mkuu.

@BintiMitema mpe shemeji rozi iliyo kavu, baridi. Rangi ni nyekundu kiasi cha kumtunzia heshima yake, lakini maganda ya zabibu hukaa na maji yake saa chache tu kabla ya kutenganishwa, hivyo ukakasi ni mdogo sana. Nyanya uliyoweka kwenye pweza inapatana nayo. Kama hata rozi ataikataa, mwambie ale pweza wake na maji ya dafu, waini unywe wewe.

BintiMitema

😂😂 Nitamsomea hii.

Mwl_Chuno

Nachangia kwa kupingana kidogo. Jodari. Nanunua pande nene feri, nalisugua chumvi na pilipili manga, nachoma moto mkali dakika chache kila upande, ndani libaki jekundu. Nyekundu nyepesi, Pinot Noir au Cinsaut, imekaa friji, inakubali kabisa. Jodari ana nyama ya kishindo. Kwa hiyo hata hiyo kanuni ya mleta uzi ya kuangalia mchuzi ina mipaka, hapa hamna mchuzi na samaki mwenyewe ndiye anayeamua.

Kusi_Mtwara

Mwalimu umenena, na hapo sina ubishi. Ila jodari huyo huyo ukimtia kwenye mchuzi wa ukwaju, Pinot yako inalala.

Nanyanga_Boy

Nyie watu wa mjini mnanichekesha. Mnaulizana waini ya Afrika Kusini wakati sisi tuna uraka. Msimu wa korosho ukifika mabibo yanamwagika chini ya mikorosho, unakamua, unaacha maji yake yachachuke, kesho unakunywa. Huo si mvinyo? Bibo ni tunda kama zabibu. Uraka na ming'oko, vile viazi pori, ya kuchemsha, au na kuku wa kuchoma, hakuna cha Chenin wala nani.

FeriBoy

Hapo sasa! Nanyanga amemaliza.

Zabibu_Mpunguzi

@Nanyanga_Boy kwa maana ya kazi yenyewe, ni mvinyo. Tunda linakamuliwa, hamira ya asili inakula sukari inatoa kilevi. Tofauti ipo kwenye sukari na kukaa. Zabibu iliyoiva ina sukari nyingi kuliko bibo, kwa hiyo inatoa kilevi cha kutosha kulinda kinywaji, na mtengenezaji anaziba hewa isiingie. Uraka unaendelea kuchachuka tu. Leo mtamu, kesho mkali, keshokutwa siki.

Lakini kwa upande wa chakula una hoja nzito. Bibo lina ukakasi wa kweli, tanini zile zile tulizozisema. Uraka wa siku ya kwanza una utamu, uchachu na ukakasi kwa pamoja. Kuku wa kuchoma mwenye mafuta chini ya ngozi, mimi ningeuweka hapo bila aibu.

Kusi_Mtwara

Nakubali uraka na kuku. Ming'oko nakataa. Ming'oko ina chai yake ya asubuhi, tusiisumbue.

Na tafadhali tubaki kwenye uraka. Ile inayochemshwa kwa bomba usiku, tusiilete humu, sheria hairuhusu na hakuna anayejua kilichomo.

Mama_Wawili

Wanangu, mnazungumza samaki samaki tu. Wengine tunapika kisamvu. Kisamvu changu nakitwanga, nakichemsha sana, halafu naweka korosho zilizosagwa na tui la pili, mwisho tui zito. Na ugali wa muhogo. Hapo mnasemaje? Maana niliwahi kupewa waini nyekundu kali na kijana wangu aliyetoka Dar, nikaona ananiharibia kisamvu.

Kusi_Mtwara

Shikamoo mama. Kijana wako alikuwa na nia njema tu. Kisamvu kina uchungu wa majani kwa mbali, na nyekundu yenye ukakasi inaongeza uchungu juu ya uchungu. Korosho na tui ni mafuta mawili kwa mpigo, kwa hiyo tunarudi kwenye uchachu. Chenin kavu safari hii, maana kisamvu hakina pilipili ya kuhitaji sukari. Ukipata iliyokaa kwenye pipa la mwaloni ni bora zaidi, ina uzito na harufu fulani ya karanga zilizokaangwa inayoshikana na korosho yako.

Mbaazi za nazi na chapati ni jamii hiyo hiyo, ila pale rozi nayo inafaa.

Zabibu_Mpunguzi

Marahaba zangu kwa mama pia… samahani, shikamoo mama 😅

Niongeze, Chenin ya Dodoma ipo, msiisahau. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya jua na kipindi kirefu cha ukame, jambo ambalo Ulaya haliwezekani, baridi inaulaza mzabibu. Ubaya wake, joto linaweza kupunguza uchachu kwenye tunda kama mkulima akichelewa kuvuna. Kwa hiyo onja kwanza. Ukikuta imelegea, ipoze zaidi na uiweke kwenye chakula kisicho na ndimu.

Mama_Wawili

Marahaba wanangu. Nimeelewa.

ghetto_ligula

Wakuu sisi wa geto tusio na friji? Umeme wenyewe wa kuvizia.

Mwl_Chuno

Ndoo. Weka barafu, ongeza maji mpaka chupa izame hadi shingoni, tupia viganja viwili vya chumvi ya mawe, koroga. Watu wengi wanaweka barafu tupu. Barafu inagusa chupa hapa na pale, katikati kuna hewa. Maji yanagusa chupa yote. Chumvi inafanya barafu iyeyuke chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo maji yanakuwa baridi kuliko kawaida. Robo saa, nyeupe iko tayari. Nyekundu itoe mapema.

Barafu ya mapande wanayouza kwa wavuvi inafaa, bei yake ni nafuu. Ila ibaki nje ya chupa. Usiitie kwenye glasi.

ghetto_ligula

Mwalimu barikiwa. Na glasi zenyewe sina, natumia vikombe vya chai.

Kusi_Mtwara

Kikombe cha chai hakina neno, usijaze tu. Jaza theluthi moja, acha nafasi ya harufu. Kikombe cha plastiki ndicho kibaya, kinashika harufu ya sabuni na ya juisi ya jana.

korosho_ghafi

Mimi nataka kujua kununua. Kuna duka moja nilichukua nyeupe, nikafika nyumbani ikawa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya tufaha lililooza. Nilirudisha wakaniambia ndivyo ilivyo.

Kusi_Mtwara

Sivyo ilivyo. Hiyo imepigwa na joto na hewa. Usitaje duka, lakini chukua haya.

Chupa zilizopangwa dirishani zikiangaliwa na jua la saa nane, ziache hata kama zimeshushwa bei. Angalia kizibo: kikiwa kimesukumwa juu kidogo au kuna michirizi mikavu shingoni, chupa ilichemka njiani ikatapika. Kwa nyeupe za kawaida na rozi, soma mwaka kwenye lebo, chukua ya karibuni. Huo ni mwaka wa mavuno, na Afrika Kusini wanavuna kuanzia Januari hivi mpaka Aprili. Nyeupe ya bei ya kawaida haikutengenezwa isubiri miaka mitano kwenye rafu ya duka lisilo na kiyoyozi. Huku Kusini mimi napendelea za kifuniko cha kuzungusha, hewa haipiti ovyo, na opena haitafutwi.

Pia nunua duka lenye wateja. Chupa inayouzwa haraka haina muda wa kuchemka.

Nanyanga_Boy

Na boksi? Maana chupa mimi siimalizi na sitaki iharibike.

Zabibu_Mpunguzi

Boksi linawafaa watu wanaokunywa glasi moja moja. Ndani kuna mfuko unaosinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo likishafunguliwa linakaa wiki nne mpaka sita mahali pa baridi. Boksi la lita 5 ni glasi 33 za mililita 150. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano, na ukishaifungua ifunge, weka friji hata kama ni nyekundu, imalize ndani ya siku mbili tatu. Ikipita hapo, mama zetu wanajua pa kuipeleka: nyekundu kwenye rosti ya ng'ombe, nyeupe kwenye supu ya kamba.

Usitarajie maajabu kwenye boksi. Ni waini ya kila siku kwa chakula cha kila siku.

pilau_la_ijumaa

Na pilau la ng'ombe na mishkaki je? Mnatutenga sisi wa nyama.

Mwl_Chuno

Mishkaki ni Shiraz, ile nyekundu, hata sifikirii. Ina harufu ya pilipili manga yenyewe, na moshi wa mkaa wanajuana. Weka chumvi ya kutosha kwenye nyama, chumvi inalainisha ukakasi. Ila punguza ile pilipili ya kuchovya. Kilevi kikali kinaongeza moto wa pilipili, usidhani kinazima.

Pilau ni viungo zaidi kuliko nyama. Iliki, mdalasini, karafuu. Nyekundu laini yenye tunda, ukakasi mdogo. Na kachumbari isiwe na siki nyingi. Achari ya embe, hiyo inaua kila chupa duniani, mkitaka achari kunyweni maji.

BintiMitema

Mwalimu achari siachi 🙅🏾‍♀️

Baada ya chakula je? Nina kashata za nazi na korosho za kukaanga.

Zabibu_Mpunguzi

Hapo sasa ndipo Dompo inapoingia. Watu wanaidharau kwa sababu wanainywa kama bia, glasi kubwa kwenye joto, kesho wanalalamika kichwa. Ni mvinyo mtamu wa Dodoma wenye kilevi cha juu. Glasi ndogo, baridi, na korosho zenye chumvi. Wareno wana Port yao wanaila na karanga, sisi tuna korosho bora kuliko zao.

Kwa kashata angalia kitu kimoja: kinywaji kiwe kitamu kuliko unachokula. Waini kavu juu ya kashata inageuka kuwa siki mdomoni.

BintiMitema

Dompo na korosho za Lindi, sawa. Shemeji yenu hii hatasema ni ya wanawake.

Mmakua_wa_Masasi

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Sasa swali la watu wa bara ya Masasi. Samaki nchanga. Yule wa kubanikwa moshini mpaka amekauka, halafu anaungwa na karanga. Wataalamu?

FeriBoy

😂😂😂 Uzi umefika panapotakiwa

korosho_ghafi

Panya kaletwa mezani jamani

Kusi_Mtwara

Msicheke, swali zuri. Nyama kavu, moshi mwingi, mchuzi mzito wa karanga. Mimi ningejaribu Pinotage. Ilitengenezwa Afrika Kusini mwaka 1925, profesa Abraham Perold pale Stellenbosch alichavusha Pinot Noir na Cinsaut, ikatoka zabibu yenye tabia zake mwenyewe. Nyingi zina harufu ya moshi na tunda jeusi. Moshi juu ya moshi. Ipoze nusu saa.

Mwl_Chuno

Mimi hapo napinga. Karanga zitaibana Pinotage. Chenin ya pipa, ile ya kisamvu cha mama.

Mmakua_wa_Masasi

Basi njooni na zote mbili Jumamosi, nyama ipo. Mwalimu usije na mguu mmoja ndani mmoja nje, huku hatupiki chakula kingine.

Mwl_Chuno

Nije na boksi au chupa?